Mbwa Asiyefungwa Kamba: Kutoka Viwanja vya Ng'ambo hadi Malisho ya Isiolo

Katika miji mingi ya Marekani, Ulaya na Australia vimetengwa viwanja vyenye uzio ambamo mwenye mbwa huruhusiwa kumfungua mnyama wake kamba na kumwacha akimbie, anuse na kucheza na wenzake, jambo ambalo sheria za miji hiyo hulikataza barabarani na katika bustani za kawaida. Kiwanja cha Ohlone mjini Berkeley, jimbo la California, kilichoanzishwa mwaka 1979, hutajwa mara nyingi kuwa cha kwanza cha aina hiyo nchini Marekani, na tangu hapo vimeongezeka kiasi kwamba familia inayohamia mtaa mpya huuliza kilipo kiwanja cha mbwa kama inavyouliza ilipo shule. Mjini Isiolo, nchini Kenya, hakuna kiwanja kama hicho, wala si rahisi mkazi wa Bula Pesa au Kambi Garba kuona haja yake, kwa kuwa mbwa wengi anaowajua hawajawahi kufungwa kamba tangu walipozaliwa. Wanalala chini ya vibanda vya sokoni, wanafuata mbuzi malishoni na kurudi nao jioni, na usiku wanabwekeana kutoka boma moja hadi jingine. Kwa hiyo anayetaka kupima faida na hasara za kumwachilia mbwa ana mengi ya kujifunza hapa, pengine kuliko Berkeley, maana Isiolo uhuru wa mbwa umetangulia na masharti yake hayajafika.

Faida zinazotajwa na wapenzi wa viwanja hivyo si za kubuni. Mbwa anayetembezwa kwa kamba hulazimika kwenda kwa mwendo wa binadamu, ambao kwake ni wa polepole mno, na hunyimwa nafasi ya kusimama na kunusa, ilhali pua ndiyo kiungo anachokitegemea zaidi kuufahamu ulimwengu. Akifunguliwa hukimbia kwa kasi yake mwenyewe, hupunguza unene na uchangamfu wa kupita kiasi unaomfanya atafune viatu na kubweka ovyo nyumbani, na hujifunza lugha ya mwili ambayo mbwa hutumia kuelewana: akiinamisha miguu ya mbele na kuinua makalio anaalika mchezo, akikakamaa na kukazia macho anaonya. Mbwa aliyekua bila kukutana na wenzake mara nyingi hazisomi ishara hizo vizuri, na ndiye anayeanzisha ugomvi pale ambapo mwenzake angegeuza kichwa na kwenda zake. Kwa binadamu kuna faida nyingine ndogo isiyodharauliwa, kwamba majirani wasiojuana huanza kusemeshana kwa sababu ya wanyama wao.

Hasara nazo zinajulikana vizuri. Mbwa wakubwa huwaumiza wadogo hata wanapocheza tu, mipira na vyakula huzua vita, na wenye mbwa wengine huzama katika simu zao huku wakiamini kwamba uzio utawalea. Ardhi inayotumiwa na mbwa wengi hukusanya vimelea, yaani viumbe wanaoishi kwa kumtegemea mnyama mwingine, kama vile minyoo ya safura, na vilevile virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa wasiochanjwa na ambao virusi vyake huweza kudumu udongoni kwa miezi mingi. Ndiyo sababu viwanja vinavyosimamiwa vizuri hudai cheti cha chanjo, humtaka kila mtu aokote kinyesi cha mbwa wake, hutenganisha mbwa wakubwa na wadogo, na huwa na lango maradufu, yaani milango miwili yenye nafasi kati yake, ili mbwa mmoja anapoingia mwingine asitoroke. Masharti hayo yote hufanya kazi ambayo kamba ingefanya. Uzio humzuia mbwa asifike barabarani, chanjo humzuia asiambukize, na mwenyewe aliyesimama karibu humwita kabla mchezo haujageuka vita.

Mtu akitoka kwenye picha hiyo na kuitazama Isiolo, huona kwamba mbwa wa hapa amepewa kazi badala ya mchezo. Kaunti hii yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 25,000, ambayo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 268,002, ni nchi ya wafugaji Waborana, Wasomali, Wasamburu na Waturkana, pamoja na Wameru na wengine walioingia kwa biashara na kilimo. Katika manyatta mbwa ni mlinzi wa zizi: hamkamati fisi wala chui, ila humwamsha mwenye mali kabla fisi hajavuka ua wa miiba. Utafiti uliofanywa katika kaunti jirani ya Laikipia na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maboma yenye mbwa, watu wengi na zizi imara hupoteza mifugo michache kwa wanyama wakali usiku. Kumfunga mbwa wa aina hiyo ni kumvua kazi yake, na hakuna mfugaji mwenye akili timamu atakayekubali.

Dini nayo ina sehemu yake katika jinsi mbwa anavyoishi. Waislamu wengi wa Isiolo hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito inayotakiwa kuoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, tofauti na madhehebu ya Maliki ambayo hayamhesabu mbwa mwenyewe kuwa najisi. Hata hivyo sheria hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na mafundisho ya Mtume yanamsifu aliyempa maji mbwa mwenye kiu, funzo ambalo katika nchi kame kama hii halihitaji ufafanuzi. Matokeo yake ni mpangilio unaoeleweka na wote: mbwa yupo, ana kazi, analishwa makombo, lakini haingii ndani wala hashikwi. Mpangilio huo una heshima yake, ingawa una gharama iliyojificha, nayo ni kwamba mnyama asiyezoea mkono wa binadamu hashikiki siku anapohitajika kushikwa.

Siku hiyo ni siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Huu ni ugonjwa wa virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa, huingia mwilini kwa jeraha la meno, na kusafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, safari ambayo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Mgonjwa akishaanza kuonyesha dalili, kama vile kuogopa maji na kupooza, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, kwamba maambukizi 99 kati ya 100 kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Kiwango hicho kinapaswa kurudiwa kwa sababu mbwa wa Afrika Mashariki huishi muda mfupi na kuzaa sana, hivi kwamba baada ya mwaka mmoja sehemu kubwa ya mbwa waliopo ni watoto ambao sindano haijawafikia.

Katika kampeni za chanjo vijijini kazi ya kuwaleta mbwa kituoni mara nyingi huangukia watoto, ambao huja wakiwavuta kwa kamba za katani, nyaya au vipande vya kitambaa, na mbwa asiyewahi kufungwa hupigana na kamba kama samaki anavyopigana na ndoana. Wengine hukata kamba na kukimbia, wengine humwuma anayewaleta, na wengi hubaki nyumbani kwa kuwa hakuna awezaye kuwakamata. Hapo ndipo uhuru usio na maandalizi unapodai malipo yake. Mbwa anayeachwa huru maisha yake yote anahitaji kujua kamba kuliko mbwa wa mjini Berkeley, hata ikiwa atafungwa mara moja tu kwa mwaka, na kumzoesha tangu akiwa mdogo hakugharimu zaidi ya kipande cha kamba na subira ya siku chache. Kwamba ugonjwa huu unaweza kushindwa kumethibitishwa karibu: kisiwani Pemba kampeni za chanjo zilizorudiwa ziliukomesha, ukarejea kwa mbwa walioletwa kutoka nje, kisha ukakomeshwa tena.

Njia iliyotumiwa miaka mingi katika miji ya Kenya, ya kuwaua mbwa wanaozurura kwa sumu au risasi, haikuwahi kuuondoa ugonjwa huu, na wataalamu wa afya wameacha kuipendekeza. Mbwa waliouawa huacha makombo na nafasi, na nafasi hiyo hujazwa haraka na wengine, aghalabu wachanga na wasiochanjwa, huku wenye mbwa waliochanjwa wakipoteza wanyama ambao walikuwa kinga ya mtaa mzima.

Hasara nyingine ya mbwa kujitembelea huko na huko haionekani kwa macho. Mnyoo mdogo wa jamii ya tegu, uitwao ekinokokasi, huishi katika utumbo wa mbwa bila kumdhuru, na mayai yake hutoka na kinyesi na kuangukia nyasi, maji na mikono ya watoto. Binadamu au mbuzi akiyameza, huota katika ini au mapafu vifuko vya maji viitwavyo hidatidi, ambavyo hukua kwa miaka na mara nyingine hufikia ukubwa unaohitaji upasuaji. Jamii ya Waturkana imewahi kuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi duniani, na shirika la AMREF lilianza Turkana katika miaka ya 1980 mpango wa kupambana na ugonjwa huo. Mbwa huupata mnyoo huu kwa kula maini na mapafu ya mifugo yenye vifuko hivyo, kwa hiyo kila mahali pa kuchinjia ambapo matumbo na mapafu hutupwa nje ni mahali pa kuuzalisha.

Kisha kuna wanyamapori, ambao mkazi wa Isiolo hawezi kuwasahau. Mji huu, pengine inafaa kukumbushwa, ulisifika duniani kwa mnyama mwingine aliyetembea bila kamba, simba jike aitwaye Elsa, ambaye mwaka 1956 alichukuliwa akiwa mtoto na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyekuwa na makao Isiolo, na mkewe Joy. Hifadhi za Buffalo Springs na Shaba ziko ndani ya kaunti, na mbwa mwitu, jamii adimu yenye madoa ambayo si mbwa wa nyumbani aliyetoroka, huzunguka nyanda za Laikipia na Samburu. Wanyama hao hushiriki magonjwa na mbwa wa nyumbani. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu na ubongo, iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mapema zaidi, kufikia mwaka 1991, makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakichunguzwa huko yalikuwa yametoweka, na kichaa cha mbwa kilikuwa miongoni mwa sababu. Na mwaka 2017 distempa iliangamiza makundi mengi ya mbwa mwitu Laikipia. Kwa sababu hiyo marufuku ya kuingia na mbwa katika hifadhi za wanyama si ubaguzi dhidi ya wapenda mbwa. Hata katika Hifadhi ya Lewa, inayopakana na eneo la Isiolo, mbwa wanaotumiwa kufuata nyayo za majangili hufanya kazi wakiwa wamefungwa kamba ndefu mkononi mwa mwongozaji. Jijini Nairobi Msitu wa Karura huwapokea mbwa, nao pia kwa sharti la kamba.

Je, Isiolo ijenge kiwanja cha mbwa? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kutunza ustawi wao pamoja na kutoa leseni za mbwa, na katika jedwali hilohilo imezipa bustani na viwanja vya burudani, kwa hiyo mamlaka haikosekani. Lakini katika mji ambao watoto wengi huchezea mpira kando ya barabara, kutumia fedha za umma kuwajengea mbwa uzio kungekuwa kichekesho, na mwenye mbwa wa kufuga nyumbani anayetaka kumkimbiza anaweza kutumia ua wake mwenyewe, alfajiri kabla ardhi haijapata moto wa kuunguza nyayo. Uzio unaohitajika haraka ni ule wa kuwazuia mbwa wasifikie taka za machinjio, pamoja na shimo la kuzikia mapafu na maini yaliyoharibika, na dawa ya minyoo inayotolewa kwa mbwa siku ileile ya chanjo. Kwa aliyekwisha kuumwa, jeraha linatakiwa kuoshwa papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kusubiri kuona kama mbwa atakufa, kwa kuwa sindano za kinga hufaa tu zikitangulia dalili, na hazitolewi mara moja bali kwa ratiba ya siku kadhaa ambayo wengi huikatiza njiani kwa sababu ya nauli.