Gasketi ndogo inavyoweza kula faida ya msimu wa vitunguu

Wakulima na wafanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola, wilayani Karatu, wanajua bei ya gunia sokoni Arusha na wanajua gharama ya dizeli ya kwenda na kurudi. Lakini wengi wao wakiulizwa Land Cruiser inayobeba mzigo huo inapoteza lita ngapi za oili kwa mwezi, watakuna kichwa kwanza.

Jibu hilo lina fedha ndani yake. Oili inayoonekana kama jasho jeusi ubavuni mwa injini mara nyingi inatoka sehemu moja, nayo ni gasketi ya kifuniko cha valvu, ambayo gereji nyingi huiita gasketi ya tapeti kava. Ni mpira mwembamba unaozunguka kifuniko cha juu cha injini ili oili inayolainisha valvu isitoke nje na vumbi lisiingie ndani.

Injini inayokutwa zaidi katika magari haya ya kazi ni 1HZ ya dizeli, yenye silinda 6 na ukubwa wa lita 4.2. Toyota iliianzisha mwaka 1990 na imeendelea kuifunga kwenye Land Cruiser zinazouzwa Afrika kwa zaidi ya miaka 30. Ni injini ngumu na mafundi wanaijua. Hata hivyo, ugumu wake ndio unaowafanya wenye magari waizoee ikivuja, kwa sababu inavuja huku inaendelea kufanya kazi.

Kwa nini gasketi huchoka

Mpira wa gasketi hupikwa na joto la injini siku baada ya siku. Mwanzoni ni laini na ukibonyezwa unarudi, lakini baada ya miaka unakauka, unakuwa mgumu kama plastiki na unabaki bapa. Hapo hauwezi tena kuziba nafasi kati ya kifuniko na kichwa cha injini. Barabara za makorongo huongeza mtikisiko, na vumbi linaloshikamana na oili hufanya tope linaloficha mahali panapovuja.

Sababu ya pili husahauliwa mara nyingi. Kila injini ina mpira wa kupumulia, unaotoa hewa na moshi unaopenya kutoka kwenye pistoni. Mpira huo ukiziba kwa uchafu, presha hujaa ndani na kusukuma oili ipite kwenye gasketi, hata kama gasketi ni mpya. Ndiyo maana baadhi ya wenye magari hubadilisha gasketi mara mbili kwa mwaka na bado oili inavuja.

Hakikisha kwanza inakotoka

Hasara kubwa kuliko zote si bei ya gasketi, bali ni kutengeneza kisichoharibika. Oili inayovuja nyuma ya kifuniko hushuka mgongoni mwa injini na kudondokea pale injini inapoungana na gia boksi. Fundi mwenye haraka akiiona chini ya gari anaweza kusema sili ya nyuma ya kranki imekufa. Kazi hiyo inahitaji gia boksi kushushwa, na gharama yake haifanani hata kidogo na ile ya gasketi ya juu.

Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Injini ikiwa imepoa, isafishwe na kukaushwa. Kisha inyunyiziwe poda ya mtoto kuzunguka ukingo wa kifuniko na upande wa nyuma. Gari liendeshwe kwa dakika 20 hivi, lizimwe, halafu iangaliwe kwa tochi kuanzia juu kwenda chini. Oili huchora mstari mweusi kwenye poda, na mahali mstari unapoanzia ndipo penye tatizo.

Baada ya hapo, mfuniko wa kujazia oili ufunguliwe injini ikiwa inaunguruma taratibu. Moshi kidogo ni kawaida. Moshi mwingi unaotoka kwa kusukuma, wakati mpira wa kupumulia ni msafi, ni dalili kwamba ringi za pistoni zimechoka. Katika hali hiyo gasketi mpya itapunguza uvujaji kwa muda tu, na mwenye gari aanze kuweka akiba ya matengenezo makubwa.

Hesabu ya mfano

Chukulia gari linapoteza lita 1 ya oili kila baada ya wiki mbili, na lita moja inauzwa Sh 12,000. Kwa mwaka ni lita 26, sawa na Sh 312,000. Chukulia pia kwamba gasketi nzuri ni Sh 60,000 na ufundi ni Sh 40,000, jumla Sh 100,000. Fedha hiyo inarudi baada ya lita 9 kuokolewa, yaani katika miezi minne na siku kadhaa.

Anayenunua gasketi ya Sh 15,000 anadhani ameokoa Sh 45,000. Lakini ikikauka na kubadilishwa mara tatu, atakuwa amelipa Sh 45,000 za gasketi na Sh 120,000 za ufundi, jumla Sh 165,000. Bei hutofautiana kati ya mji na mji, hivyo kila mmoja aweke bei za kwake. Jambo la kukumbuka ni kwamba ufundi hulipwa kila mara kifuniko kinapofunguliwa, gasketi iwe nzuri au mbovu.

Hesabu hiyo haijagusa hatari yenyewe. 1HZ hubeba zaidi ya lita 9 za oili, na kwa sababu ni nyingi dereva huona upungufu umechelewa. Oili ikishuka mno, beringi za kranki hukosa ulainishaji na injini hufa njiani, ikiwa na mzigo. Aidha, oili inayodondokea bomba la moshi lenye moto hutoa moshi na harufu ya kuungua, na inaweza kuwasha moto.

Kuchagua dukani

Wauzaji wa spea huwa na gasketi za aina tatu. Ya koki ni rahisi, lakini hukauka na kukatika mapema. Ya mpira wa kawaida hufaa kama imetengenezwa vizuri. Ya silikoni au mpira wa akriliki huvumilia joto zaidi, ingawa bei yake iko juu.

Mnunuzi aende na namba ya chesisi na jina la injini, si kusema 'Land Cruiser' tu. 1HZ ina valvu 12, wakati 1HD-FT, ambayo nayo ni dizeli ya lita 4.2, ina valvu 24 na kifuniko chake ni tofauti. Mwenye injini ya petroli ya 1FZ-FE ya lita 4.5 akumbuke pia sili za mashimo ya plagi, kwa sababu zikivuja plagi huogelea kwenye oili.

Kuhusu spea bandia, boksi si ushahidi, kwani boksi huigwa. Gasketi ishikwe mkononi. Nzuri ina unene sawa mzunguko wote, haina masalia ya mpira kwenye kingo, hukunjwa na kurudi bila kuacha alama, na ikilinganishwa na ya zamani kona zake zinalingana. Mnunuzi adai risiti. Nchini Tanzania, Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kushughulikia bidhaa bandia, na malalamiko yasiyo na risiti ni vigumu kufuatilia.

Wakati wa kufunga

Injini ipoe, na vumbi la juu lioshwe kabla kifuniko hakijafunguliwa, kwa sababu mchanga ukiingia kwenye valvu ni hasara mpya. Kifuniko kisichokolewe kwa bisibisi, kwani ukingo ukikwaruzwa hautaziba tena. Mfereji wa gasketi usafishwe mpaka mabaki yote yaishe, na washa za mpira zilizo chini ya boliti zibadilishwe kwa pamoja.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: hupaka gundi ya silikoni mzunguko mzima. Gundi inayozidi hubanwa kwenda ndani, hukatika vipande na kushukia kwenye sampu, ambako inaweza kuziba chujio la pampu ya oili. Gasketi ya mpira hufungwa kavu. Gundi huwekwa kidogo tu kwenye kona ambazo kitabu cha gari kinazitaja.

Boliti zikazwe kwa zamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, mara mbili au tatu, kwa spana ya kipimo. Ni boliti ndogo, na nguvu ya mkono mzima huvunja nyuzi au kuufinya mpira mpaka ukachanika.

Kifuniko kikiwa wazi, mwenye gari amwombe fundi apime pia nafasi za valvu. Kwa 1HZ iliyopoa, valvu ya kuingiza hewa hutakiwa kuwa na milimita 0.15 hadi 0.25, na ya kutoa moshi 0.35 hadi 0.45. Kupima sasa kunaepusha kulipia ufunguzi mwingine baadaye.

Si kila uvujaji ni wa kukimbilia gereji. Unyevunyevu usiodondoka unaweza kufutwa na kuangaliwa kila wiki pamoja na kijiti cha oili. Matone yakianza, kazi ipangwe kabla ya mavuno, wakati gari lina nafasi ya kulala gereji siku moja. Lakini oili ikifika kwenye bomba la moshi, safari isimame mpaka itengenezwe. Vitunguu vinaweza kusubiri siku moja stoo, lakini injini iliyokufa katikati ya Mang'ola na Karatu huondoka na faida ya msimu mzima.