Fremu ya Pikipiki na Adui Wake Kutu

Chama chetu cha Kiswahili kiliniomba niandike makala ya kuelimisha. Wenzangu wengi wameandika juu ya mihadarati na mapenzi ya shuleni. Mimi nimeamua kuandika juu ya chuma. Tafadhali usifungue ukurasa mwingine kwanza, kwa sababu sisi wanafunzi wa shule ya kutwa tunabebwa na chuma hiki kila mvua inaponyesha, na hapa kwetu Kapkatet mvua haiishi hamu.

Bodaboda zilianza kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, zikiwa baiskeli za kuvusha watu kutoka boda hadi boda. Pikipiki zilijaa nchini baada ya serikali kuondoa ushuru kwa zile ndogo za chini ya sisi 250 mnamo mwaka 2008. Leo hapa kwetu pikipiki ni gari, ni punda na ni ambulensi. Hubeba majani chai mabichi hadi kituo cha kununulia, hubeba mikebe ya maziwa, mbolea, mabati, na hata mama mjamzito usiku wa manane. Mzigo huo wote hukalia fremu. Injini ikizima utasukuma pikipiki ufike nyumbani ukiwa umechoka tu, lakini fremu ikikatika mkiwa kwenye mteremko, hapo ni Mungu mwenyewe.

Jambo hilo si la kubuni. Mwaka jana jirani yetu mmoja alikuwa akishuka na magunia mawili ya majani chai, na abiria nyuma. Fremu yake ikakatika karibu na shoki za nyuma. Abiria alivunjika mkono na mwenye pikipiki akakaa nyumbani miezi miwili bila kazi. Ndugu yangu mkubwa ndiye aliyesaidia kuinua ile pikipiki, akaniita nitazame mahali ilipokatika. Kwa nje rangi ilikuwa nzuri, nyeusi tititi. Ndani ya paipu chuma kilikuwa kimeliwa kikabaki chembamba kama ganda la yai. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Basi mwaka huu ndugu yangu alipotaka kujitengenezea pikipiki yake mwenyewe, mama alikubali kutoa sehemu ya pesa za bonasi ya majani chai kwa sharti moja, kwamba fremu isiwe ya kufichwa uchafu kwa rangi. Alinunua fremu kuukuu ya pikipiki ya sisi 150 kutoka Uhindi, injini akaipata kwingine, na kazi ikapelekwa kwa fundi wa jua kali ambaye kibanda chake kiko njiani ninakopita kwenda shule. Kila jioni nilipitia pale, na likizo ya Aprili nikashinda pale.

Fundi hakuanza kwa kuchomelea. Alianza kwa kuvua rangi yote kwa brashi ya waya na grinda, akatafuta nyufa. Nyufa hupenda kujificha kando ya mahali palipochomelewa, kwa hiyo palipotiliwa shaka alipaka mafuta taa, akapangusa, kisha akapaka vumbi la chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia ndani hurudi nje na kuchora mstari kwenye chaki. Mimi niliyezoea kuona chaki ubaoni tu nilishangaa kwelikweli.

Kisha aliirefusha sehemu ya nyuma ili keria ikae vizuri. Hapa kuna siri. Mafundi wengine hugusanisha paipu mbili na kuzichomelea kwa juu tu, basi. Wetu alitia kwanza kipande cha paipu nyembamba ndani, nusu huku na nusu kule, kama fupa ndani ya nyama, ndipo akachomelea. Alipiga pointi ndogo upande huu, akahamia upande wa pili, akarudi, kwa maana moto mwingi upande mmoja hupinda fremu. Mwisho alivuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kushoto na kulia, kuhakikisha magurudumu yanafuatana. Na wewe ambaye pikipiki yako iko nzima na unataka kuchomelea gadi tu, ng'oa waya za betri kwanza, usije ukaunguza mfumo wa umeme.

Sasa fremu ilikuwa tupu, chuma kitupu, inang'aa kama kijiko kipya. Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Ndugu yangu alikuwa ameona kwenye simu picha za pikipiki za kujiundia za Marekani na Ulaya ambazo fremu zake haziwekwi rangi kabisa. Hupakwa vanishi isiyo na rangi ili chuma kionekane. Akataka hivyo hivyo. Fundi akacheka, akamwambia, "Kijana, hii ni Kapkatet, si sinema." Ndugu yangu naye akasema, "Mzee, pikipiki ni yangu." Wakanyamaziana karibu siku nzima.

Kabla sijaeleza jinsi ubishi ulivyokwisha, tukumbushane somo la Kemia la Kidato cha Kwanza. Mnakumbuka ile misumari kwenye vioo vya majaribio? Msumari uliokaa mahali pakavu haukupata kutu. Uliokaa ndani ya maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta haukupata kutu. Uliopata maji na hewa pamoja ndio ulioharibika. Kutu basi inahitaji vitu viwili, maji na oksijeni, na chumvi huiharakisha. Ndiyo maana pikipiki za Mombasa huliwa na upepo wa bahari. Sisi hatuna bahari, lakini tuna umande, ukungu na mvua ya alasiri. Halafu tuna mbolea. Mbolea ya chai ni chumvichumvi, huvuta unyevu kutoka hewani, na gunia likitoboka punje huingia kwenye kona za fremu zikakaa huko wiki nzima zikitafuna. Maji ya betri ni mabaya zaidi, maana hiyo ni asidi.

Tena kutu haifanani na ngozi ya alumini. Alumini ikigusana na hewa hujifunika utando mwembamba mgumu unaoilinda. Kutu ya chuma ina matundu, hupitisha maji, na huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo inapoanza chini ya rangi huvimba na kuisukuma rangi itoke, kisha maji mengi zaidi huingia.

Ili kumaliza ubishi, nilimwomba fundi vipande vya paipu vilivyobaki. Tulivisugua vyote kwa msasa vikang'aa, nikavifunga kwa waya pembeni mwa paa la jikoni, mahali mvua inapopiga. Cha kwanza kilibaki kitupu. Cha pili kilipakwa vanishi. Cha tatu kilipakwa oili chafu ya injini, kama wanavyofanya waendeshaji wengi hapa. Cha nne kilipakwa redioksaidi peke yake, na cha tano redioksaidi na rangi ya mafuta juu yake. Cha sita kilikuwa kipande cha paipu ya maji iliyopakwa zinki kiwandani. Kila kimoja isipokuwa cha kwanza na cha oili nilikikwaruza mstari mmoja kwa msumari, kwa sababu barabarani hakuna pikipiki isiyokwaruzwa.

Kitupu hakikungoja. Asubuhi iliyofuata kilikuwa na madoa ya rangi ya machungwa, na baada ya juma moja kilikuwa chekundu chote. Cha oili kilikaa vizuri siku chache, kisha mvua ikaosha oili na vumbi likanata kwenye iliyobaki. Kutu ilianza upande wa juu. (Tena oili hiyo hudondoka ardhini na kuingia mtoni, na ikifika kwenye breki ni balaa.) Cha vanishi ndicho kilichonifunza zaidi. Majuma mawili kilipendeza kuliko vyote, ndugu yangu akawa anatembea kifua mbele. Juma la tatu, kutoka kwenye ule mkwaruzo, vikatokea vijistari vyembamba vya kahawia vikitambaa chini ya vanishi kama minyoo. Juu vanishi ilikuwa bado inang'aa! Vanishi hufunika tu, haina dawa ndani yake, na kwa kuwa inapitisha mwanga, jua nalo huichosha haraka.

Redioksaidi peke yake ilianza kufifia na kuonyesha madoa juma la nne. Watu wengi hapa hupaka hiyo wakaacha, wakidhani wamemaliza kazi, kumbe inanyonya maji kidogo kidogo na ilikusudiwa kufunikwa. Cha tano kilikuwa salama isipokuwa kwenye mkwaruzo wenyewe. Na cha zinki? Hata mkwaruzo wake haukushika kutu. Zinki hukubali kuliwa yenyewe kabla ya chuma, kama ndugu mkubwa anayechapwa kwa niaba ya mdogo.

Usikimbilie kuchomelea paipu za zinki, hata hivyo. Moshi wake mweupe humletea mtu homa na kutetemeka jioni hiyo. Mafundi hunywa maziwa wakiamini ni dawa, lakini maziwa huenda tumboni na moshi umeenda mapafuni. Zinki isuguliwe kwanza mahali pa kuchomelea, na kazi ifanyiwe nje penye hewa.

Ndugu yangu alitazama kile kipande chenye minyoo, akasema, "Haya, tupake." Wakati huo fremu yenyewe ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya nailoni na kupakwa grisi, na hata hivyo ilibidi isuguliwe upya yote. Ilipakwa rangi hivi. Iliondolewa makoko meusi ya kuchomelea, ikapigwa msasa, ikaoshwa kwa thina kwa kitambaa safi ili mafuta yote yatoke. Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kwa mkono mtupu, maana jasho lina chumvi na alama ya vidole hugeuka kutu. Mahali pa nati na shingo ya steringi palifungwa kwa tepu. Namba ya chasisi ilifungwa pia, wala grinda haikuikaribia tangu mwanzo, kwa sababu namba hiyo ndiyo kitambulisho cha pikipiki. Ikifutika utaeleza nini kwa polisi na NTSA?

Saa nne asubuhi, jua likiwa limekausha umande, ilipigwa redioksaidi mara mbili, nyembamba nyembamba. Rangi nene hutiririka na kukauka juu tu. Siku ya pili ikapigwa rangi ya kijani kibichi mara mbili. Kazi ilisimama kabla ya alasiri kila siku, kwani hewa ikiwa na unyevu rangi ya kunyunyiza hugeuka kama imechanganywa na maziwa. Viwandani wana njia bora. Kuna unga wa rangi unaovutwa na umeme ukashika chuma, kisha huokwa kwa joto la karibu nyuzi 200. Kapkatet hatuna jiko la kuoka fremu.

Sehemu ambayo wengi huisahau ni ndani ya paipu. Tulimimina oili safi kupitia tundu la juu, tukaigeuzageuza fremu kama mtu anayesukasuka kibuyu cha mursik, oili ikafika kila kona, kisha iliyozidi ikachujwa. Ncha za juu zilizibwa. Chini kabisa liliachwa tundu dogo wazi ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Ile fremu ya jirani haikuwa na tundu hilo.

Hata hivyo rangi si ndoa ya milele. Mnara wa Eiffel kule Paris, Ufaransa, ni wa chuma, ulikamilika mwaka 1889 na hupakwa rangi upya kila baada ya miaka kama saba, karibu tani 60 kila mara. Sembuse pikipiki ya kubeba majani chai! Kila Jumapili ndugu yangu huosha matope, hasa chini ya betri na nyuma ya keria, na akibeba mbolea huosha siku hiyo hiyo. Akiona mkwaruzo husugua mpaka chuma kionekane, hupaka redioksaidi kwa brashi ndogo, kisha kijani.

Mpaka ninapoandika, pikipiki imebeba mizigo miezi minne na kando ya shoki hapana doa. Rangi iliyobaki iko kwenye kopo juu ya kabati la mama. Anayehitaji robo kikombe aje na brashi yake.