Mikrobi ya Kichomi Inashikamana Namna Gani?

Mikrobi ya pneumokoki inakaa mu pua ya watoto wengi. Ikishuka mu mapafu inaleta kichomi, na kichomi kinaua.

Ukuta wake uko na minyororo ya sukari yenye kolini. Protini zake zinashika ile kolini, sawa vile kifungo kinashika tundu la shati. Zingine zinasaidia mikrobi inate mu mwili.

Nje iko koti ya sukari. Chanjo inafundisha mwili kutambua aina kadhaa za koti ile. Leteni mutoto juma la 6, la 10 na la 14.

Mutoto wa miezi 2 mpaka 11, akiwa ametulia, akipumua mara 50 ao zaidi kwa dakika, mupeleke hospitali siku ileile. Usingoje kesho.