Simu kuukuu zisilale kabatini

Ni nadra siku hizi kuingia nyumbani kwa mwalimu usikute simu kuukuu kabatini, kioo kimepasuka au betri imechoka. Wengi huihesabu kuwa takataka. Mimi nadai kwamba kwa shule za Tseikuru na viunga vyake, simu hiyo ni nusu ya maabara.

Kaskazini mwa Kitui yapo mabonde ambako mtu hutafuta mtandao kwa kupanda kilima. Mto wa msimu ukifurika, mwalimu aliyekwama ng'ambo hana jinsi ya kuwaarifu wenzake. Redio ya LoRa ingemfaa sana. Ilibuniwa Ufaransa na kampuni ya Cycleo, ambayo ilinunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012.

Tuelewane, msomaji: redio iliyomo ndani ya simu haiwezi kazi hii. Lazima inunuliwe bodi ndogo yenye chipu ya LoRa na antena yake. Simu huchangia kioo na herufi za kuandikia tu, ikiunganishwa na bodi kwa Bluetooth. Programu ya Meshtastic, iliyoanza mwaka 2020, hutolewa bure. Kila kifaa hupokea ujumbe na kuupokeza kwa kingine hadi umfikie mwenyewe. Hakuna laini wala salio.

Siri yenyewe haiwezi kumshangaza mtoto aliyechunga mbuzi. Maneno hupotelea karibu, bali mluzi mrefu unaopanda husikika mbali. LoRa nayo hurusha mawimbi ambayo masafa yake hupanda mfano wa mluzi huo, na mpokeaji huyatambua hata yakiwa hafifu kuliko kelele zinazoyazunguka. Kwa nguvu isiyofika wati moja, ujumbe huenda kilomita kadhaa, na mbali zaidi pasipo na kizuizi. Kifaa kimoja juu ya milima ya Mumoni kingefaa kuliko kumi vilivyozama bondeni.

Mwendo wake, lakini, ni wa kobe: biti 1,000 hivi kwa sekunde. Picha haipiti, na ujumbe mmoja hauzidi sana herufi 200. Naam, mwalimu wa ufupisho atafurahi.

Tahadhari moja ni ya lazima. Bodi za soko la Marekani hutumia megahezi 902 hadi 928, na humu nchini sehemu ya masafa hayo ni ya kampuni za simu. Mwalimu na aiulize Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kutoa hata senti.

Najua walimu wakuu hawataki simu shuleni, na wana sababu. Lakini simu isiyo na laini, inayofungiwa maabara, itampotosha nani? Chama cha sayansi Tseikuru na kingine Katse, bodi mbili, simu mbili kuukuu na mti mrefu kila upande: hiyo ni kazi ya muhula mmoja. Ujumbe usipofika, wanafunzi watatoka wakatafute ni kilima kipi kilichouzuia.