Spana ya 14 Iko kwa Jirani

Anayetafuta pula ya magneti ya Yamaha ya zamani mjini Gitega, Burundi, hana haja ya kuanzia dukani. Aulize kwenye karakana ya pikipiki, iwe Magarama au Nyamugari, ataambiwa iko kwa nani leo na nani anaisubiri kesho. Zana adimu zina mwenyewe, lakini hazina kwao. Huazimwa asubuhi, hurudishwa jioni zikiwa zimefutwa grisi, na ile ya bei kubwa mara nyingi haitoki bila rehani.

Desturi hiyo imelelewa na pikipiki zenyewe. Kabla ya TVS na Bajaj za Kihindi kujaa barabarani, milima hii ilipandwa na Yamaha AG100, DT125 na Honda CG125: pikipiki za mabwana shamba, za parokia, za miradi ya afya. AG100 ilibuniwa kwa kazi ya shambani. Injini yake ni ya mipigo miwili, mnyororo umefunikwa usile tope, keria ziko mbele na nyuma, na stendi za pembeni ni mbili ili isimamishwe upande wowote wa mteremko. CG125, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1970, ilipewa vali zinazosukumwa kwa fimbo, kwa kuwa Honda walijua inakokwenda matengenezo hucheleweshwa. Vyombo vya namna hii havifi upesi. Vinachokosa ni zana.

Tatizo la kwanza ni namba. Burundi ilikuwa chini ya Ubelgiji hadi tarehe 1 Julai 1962, na spana za vipimo vya Ulaya zilizoeleka kwa muda mrefu kuliko za Kijapani. Tofauti ni ndogo kwa macho, kubwa kwa kazi. Bolti ya unene wa milimita 8 ya Ulaya kwa kawaida ina kichwa cha 13. Ya Kijapani ina kichwa cha 12. Ya milimita 10 hutaka spana ya 17 kwa kipimo cha zamani cha Ulaya, na 14 kwa Mjapani. Fundi mwenye 13 peke yake akiilazimisha kwenye kichwa cha 12, spana inacheza, pembe zinalika, na bolti ambayo ingetoka kwa dakika moja sasa inatolewa kwa patasi. Ndiyo maana 12 na 14 za chuma kizuri ndizo zinazozunguka mitaani kuliko zote.

Skrubu za nyota nazo zina siri yao. Ya Kijapani inafanana sana na ya kawaida, ila pembe za msalaba wake ni tofauti kidogo, na nyingi zina kinukta kimoja kando ya msalaba. Bisibisi ya kawaida haikai hadi chini; ikikazwa kwa nguvu hupanda juu na kuchimba kichwa. Pikipiki nyingi kuukuu zina mifuniko ya injini yenye majeraha hayo. Fundi mwenye subira hutia mafuta ya kupenya, huacha yafanye kazi, kisha huleta bisibisi ya kugonga, ile inayozunguka kila inapopigwa nyundo, kwa sababu pigo huibana ndani ya skrubu wakati huohuo inapoigeuza.

Lakini zana inayoheshimiwa kuliko zote ni pula, ile ya kuvutia magneti itoke. Kwenye injini za zamani zenye platini, yaani zile ncha zinazokata na kuunga umeme wa cheche, platini hizo mara nyingi hukaa nyuma ya magneti, na magneti imebanwa kwenye krenki kwa ncha iliyochongoka. Anayeitoa kwa nyundo anaweza kupasua magneti au kupinda krenki. Yamaha nyingi za silinda moja za wakati ule hutaka pula ya uzi wa milimita 27. Pula ya Honda si lazima iingie hapo.

Magneti ikishatoka, platini hurekebishwa ziachane kati ya milimita 0.3 na 0.4. Asiye na fila ya kupimia mwanya hushika nyembe. Wembe wa kawaida wa kunyolea una unene wa milimita 0.1, kwa hiyo tatu zikibanwa pamoja zinatoa 0.3 sawasawa. Kwenye vali za CG125 ujanja huo unagoma, maana kipimo chake ni 0.08 na wembe mmoja umeshazidi. Hapo fila ya kweli lazima iazimwe.

Zana isiyoazimika hutengenezwa. Burundi ni nchi ya wahunzi tangu enzi za wafalme, watu waliofua majembe na mikuki, na mkono huo haujapotea. Leo umeshika mashine ya kuchomelea. Sahani kuukuu za klachi huchomelewa kwenye kipande cha chuma zikawa kishikio cha kuzuia klachi isizunguke nati inapofunguliwa. Plagi iliyokufa hutolewa kauri yake, ikatiwa bolti yenye ncha laini, ikawa kizuizi cha pistoni. Mwenye haraka huingiza kamba safi kwenye tundu la plagi. Pistoni huibana juu, krenki husimama. Huu si ufundi wa kubahatisha, na wanaouita hivyo hawajamtazama mtu akiufanya.

Mwanafunzi hupokea haya yote kwa kukaa karibu. Huanza kwa kuosha vipuri, hupanda cheo akawa wa kupokeza spana. "Kumi na mbili, bwana mdogo," fundi huagiza bila kuinua macho, na kijana akileta 13 hurudishwa bila maneno mengi. Baada ya muda huitambua spana kwa vidole.

Mji wa Muyinga, upande wa kaskazini-mashariki mwa nchi, una bahati nyingine: mpaka wa Kobero uko karibu, na ng'ambo yake ni Kabanga, kisha Ngara, kisha njia ndefu hadi Dar es Salaam. Fundi anayehitaji kipuri kutoka huko hapaswi kutuma jina tu. Humkabidhi dereva anayekwenda huko nati au kipuri chakavu chenyewe, ili muuza spea wa Kariakoo, Dar es Salaam, apime uzi kwa mkono wake. Pikipiki zinazokuja kwa njia hiyo zina somo lao. Kabureta iliyowekwa sawa kwenye usawa wa bahari huzidisha petroli katika Gitega, iliyo kwenye mita 1,500 hivi, na plagi hutoka nyeusi kama masizi. Petroli yenyewe imekuwa ya kusubiriwa tangu uhaba wa mwaka 2021, na iliyolala ndani ya kabureta hukauka na kuziba jeti, kwa hiyo waya mwembamba wa kuzibulia umekuwa zana ya lazima.

Vijana wanaojifunza leo hukutana na TVS kwanza, na wengine hawajawahi kufungua magneti yenye platini. Mafundi wa Gitega na Muyinga wangefanya jambo la maana kuchangia seti moja ya pamoja: spana za 12 na 14, bisibisi ya kugonga, fila, na pula ya 27. Ikae kwa mzee mmoja anayeaminika, iandikwe kwenye daftari inapotoka na inaporudi, na kila mwanafunzi apewe siku ya kuishika kabla hajaruhusiwa kufungua karakana yake.