Ranganathan, Mpangaji wa Vitabu

Kitabu kisichojulikana mahali pake ni sawa na kitabu kilichopotea. Jambo hili sisi waalimu twalijua, maana makabati yetu yana vitabu ambavyo mwanafunzi hawezi kuvipata, ingawa ufunguo tunao. Kwa hiyo twapenda kueleza habari za S. R. Ranganathan wa Bara Hindi, aliyezaliwa mwaka 1892 na kufariki mwaka 1972.

Hapo kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu katika Madras, mji ambao sasa huitwa Chennai. Mwaka 1924 aliwekwa kuwa mtunza maktaba wa Chuo Kikuu cha huko, wala hakuipenda kazi hiyo mwanzoni, kwa upweke wake. Akapelekwa London, akafundishwa na W. C. Berwick Sayers.

Siku hizo maktaba nyingi zilifuata mpango wa Melvil Dewey wa Marekani, uliotolewa mwaka 1876. Mpango huo wagawanya elimu yote katika mafungu kumi, na kila fungu katika kumi tena. Kitabu hutafutiwa mahali palipokwisha kutengenezwa. Lakini kitabu chenye mambo matatu pamoja kiwekwe wapi? Jibu Ranganathan alilipata dukani, alipoona vyuma vya kuchezea watoto: vipande vichache, viungwavyo kuwa vitu vingi. Basi mwaka 1933 akatoa mpango wake, ambao hulichambua jambo katika sehemu zake, kisha huziunga kwa alama ya nukta mbili. Baadaye akazitaja sehemu tano: nafsi ya jambo, maada yake, tendo, mahali na wakati.

Sisi tusemao Kiswahili hatuoni ugeni katika njia hiyo. Tazama neno “alikisoma”: a- ni mtendaji, -li- ni wakati, -ki- ni kitu, -soma ni tendo. Hakuna kamusi iliyoandika maneno yote ya namna hiyo, wala haihitajiwi. Ajuaye viungo huliunda neno mwenyewe.

Hata hivyo, mpango haukuwa mwisho wa kazi yake. Katika kanuni tano za maktaba alizozitoa mwaka 1931, alitangulia kufundisha kwamba kitabu hakiwekwi ili kilindwe, bali kisomwe. Zamani huko Ulaya vitabu vilifungwa kwa minyororo. Minyororo hiyo imekwisha, lakini kufuli ya kabati letu yaweza kufanya kazi ile ile. Heri kitabu kimoja kichakae mikononi mwa wasomaji kuliko mia kubaki vipya gizani.