Manowari ya Kuwinda Mabomu

Tusikiapo neno manowari, mara tunawaza mizinga na meli zinazozamishwa. Lakini iko manowari ambayo kazi yake ni kufungua njia, ili meli za wengine zipite salama. Hiyo ndiyo manowari ya kuwinda mabomu ya baharini.

Bomu la baharini hutegwa kama mtego porini. Moja hulipuka likiguswa. Lingine huamshwa na sumaku ya chuma cha meli, au na kelele za mashine zake. Kwa hiyo Waingereza walipounda manowari Shoreham, iliyoshushwa majini mwaka 2001, mwili wake haukuwa wa chuma, bali wa nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Hupeleka sauti majini, na mwangwi ukirudi, mabaharia hutambua kitu kilicholala chini. Kisha chombo kidogo kisicho na mtu hutumwa kulichungulia bomu na kuliharibu.

Mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilileta mabomu katika Bahari Nyeusi. Mwezi wa Machi moja lilikutwa likielea karibu na Istanbul. Je, yatuhusu nini sisi Waafrika? Yatuhusu kwa ajili ya mkate. Mwezi wa Agosti mwaka uleule, meli Brave Commander ilipakia tani 23,000 za ngano ya Ukraine kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia. Njia ya bahari ikifungwa, chungu kilicho mbali hubaki kitupu.

Waingereza wakawakabidhi Waukraine Shoreham pamoja na Grimsby. Mwaka 2023 bendera zikabadilishwa: Shoreham ikaitwa Cherkasy, na Grimsby ikaitwa Chernihiv. Lakini mwezi wa Januari 2024 Uturuki ilitangaza kwamba haitaziruhusu kupita katika milango ya bahari yake maadamu vita vinaendelea. Mapatano ya Montreux ya mwaka 1936 huzuia manowari za mataifa yanayopigana. Na yenye kusafisha njia ni manowari vilevile. Mwezi huohuo Uturuki, Bulgaria na Romania zilipatana kuyatafuta mabomu hayo pamoja.

Tusiilaumu sheria upesi: hiyohiyo huzuia pia manowari za kushambulia zisiongezwe humo. Bali tukumbuke neno hili: kutega bomu ni kazi nyepesi, kulitegua ni kazi ndefu, na anayengoja ni mwenye njaa.